Insha Iliyomchekesha Mwalimu

Bado ninalo daftari langu la marudio ya fasihi ya Kiingereza. Jalada lake la buluu limetafunwa na mende pembeni, wino umegeuka rangi ya chai, na katikati pana kurasa mbili zilizochanwa. Nilizichana mwenyewe. Wajukuu zangu, ambao siku hizi hununua vitabu vya maswali pamoja na majibu yake, huniuliza: babu, nyinyi mlifaulu vipi bila vitabu hivi? Huwajibu kwamba tulinakili. Mwalimu akisifu insha ya mmoja wetu, darasa zima liliinakili na kuikariri. Sijawahi kuwaambia tulimnakili nani.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa darasa la kumi na mbili katika shule ya bweni nje ya mji, mwendo wa saa moja kwa lori. Kwetu kulikuwa Kariakoo, upande wa Msimbazi, katika nyumba ya vyumba sita ambamo sisi tulipanga viwili. Baba alikuwa fundi cherehani. Tangu asubuhi mpaka alasiri alikaa kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindu mmoja. Mteja alinunua yadi zake ndani, akatoka nazo nje kwa baba kupimwa na kushonewa. Lakini mtaani hakuna aliyemjua baba kwa suruali. Walimjua kwa barua.

Baba alikuwa msomaji wa barua za watu. Hati za Kiarabu alizijua tangu chuo cha Kurani, na wazee wengi wa wakati ule waliandika Kiswahili chao kwa hati hizo. Herufi za Kizungu alijifundisha ukubwani kwa kusoma vibao vya maduka. Kwa hiyo barua ya Kiswahili, iwe ya hati yoyote, ikimfikia mtu asiyejua kusoma, ililetwa kwetu barazani baada ya sala ya alasiri. Naye hakuipokea hivi hivi. Alinawa mikono. Alivaa koti juu ya kanzu. Bahasha hakuichana, aliibandua gundi yake taratibu kwa ncha ya mkasi, kama anafumua mshono. Kisha alivaa miwani, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa wa chuma na wa pili ni uzi wa cherehani uliozungushwa sikioni, ndipo akaanza.

Alisoma kwa kukwama. Miandiko ya watu ilikuwa mibaya, wengine hawakuacha nafasi kati ya neno na neno, na baba alilazimika kurudi nyuma, kujaribu tena, kuguna, kuendelea. Watu walingoja. Lakini ziko siku alifika mahali akanyamaza, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, tena kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaivaa upya. Kuanzia hapo hakukwama tena. Maneno yalimtoka laini mpaka mwisho wa barua, na salamu juu.

Tangu nina miaka saba kazi yangu ilikuwa kukaa ubavuni kwake nikishika bahasha. Nilipojua kusoma nikaanza kuchungulia karatasi, na haikunichukua muda kugundua kwamba kilichofuata baada ya kufuta miwani hakikuwamo kwenye barua.

Alikuwako jirani yetu mmoja, mama muuza vitumbua, ambaye mumewe alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Siku moja barua ya mume ikaja. Baba alisoma salamu, akasoma habari za mvua, akavua miwani. Aliporudisha miwani alisoma kwamba mume ni mzima, kazi ni nyingi, na ataandika tena. Mama yule akashukuru akaondoka. Mimi nilikuwa nimeliona neno lenyewe kwenye mstari wa tano: talaka. Nikamuuliza baba mbona hakulisoma. Akanijibu, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe hujaona kitu." Jioni ile ile akavaa viatu, akatembea kwa miguu mpaka Buguruni kwa kaka yake yule mama. Siku ya tatu yake kaka akaja na wake zake wawili na shangazi mtu, wakaingia chumbani kwa yule mama, na huko ndiko alikoambiwa, akiwa amezungukwa na watu wake na si barazani mbele ya wapita njia.

Sasa nije kwangu.

Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa Mwingereza mkavu. Alivaa kaptula nyeupe zilizopigwa pasi ngumu, na sikumbuki kama alipata kucheka na sisi kwa miaka miwili. Alituambia tunaandika Kiingereza cha watu wanaoogopa kugusa ukuta wenye rangi mbichi. Kauli hiyo iliniuma kwa sababu nilijiona bora kuliko wote darasani, na ubora wangu ulikuwa haujatambuliwa na mtu aliyestahili kuutambua. Nilikuwa na kiburi cha kijana aliyepata nguo mpya kabla ya sikukuu. Hata nilipokuwa likizo mtaani nilitembea na kitabu cha mtihani kwapani, jina likiangalia nje, ili wasioweza kulisoma wajue kwamba mimi naweza.

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya kijiji cha Uingereza. Ndani yake kulikuwa na mzee mmoja mpiga kengele wa kanisa, ambaye aliamini kwamba asipopiga kengele yake asubuhi, kijiji kizima kitalala mpaka jioni. Watu walimcheka, naye hakujua kwamba anachekwa. Mwalimu alituambia watungaji wa mtihani, huko Uingereza, wanampenda sana mzee huyo na hawataacha kumuuliza. Akatupa swali la kujaribia: mweleze mpiga kengele, kisha mweleze mtu unayemjua wewe anayefanana naye.

Wenzangu waliguna. Mimi niliandika kipindi kizima cha jioni bila kuinua kichwa.

Niliandika kwamba mtaani kwetu yuko mzee anayevaa koti ili kufungua bahasha, kana kwamba ndani yake amekaa gavana. Niliandika juu ya miwani ya mguu wa uzi. Niliandika kwamba siku moja aliletewa karatasi ya serikali iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaishika juu chini, akaitazama kwa makini, akawaambia watu kwamba jambo hili ni zito. Jambo hilo lilikuwa kweli, nililiona kwa macho yangu nikiwa mdogo, kabla baba hajazizoea herufi za Kizungu; hilo la mwisho sikuliandika. Niliandika jinsi anavyofuta miwani na kusoma visivyokuwamo, na mfano nilioutoa ulikuwa wa mama muuza vitumbua, aliyekwenda nyumbani akiimba hali ameachwa. Kuimba nilikuongeza mimi. Safari ya Buguruni sikuiandika. Nakumbuka vizuri kwamba niliifikiria, kalamu ikiwa mkononi, nikaona itaharibu kichekesho. Nikamalizia kwa kusema kwamba mzee huyo, kama mpiga kengele, hajui kuwa anachekwa, na kwamba mzee huyo ni baba yangu mzazi.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwangusha mwalimu. Alirudisha insha zetu siku ya pili yake, akasema anayo moja ya kusoma kwa sauti, akaanza kuisoma yangu, na alipofika kwenye koti na gavana nikaona mabega yake yanatikisika. Alipofika mwisho alitoa leso akajifuta macho. Darasa lilicheka kwa sababu mwalimu amecheka, kisha likacheka lenyewe. Nami nilicheka. Alinipa kumi na nane juu ya ishirini kwa wino mwekundu, akasema hii ndiyo insha ya mtu asiyeogopa ukuta, na akaniambia nisimame mbele niwasomee wenzangu polepole wainakili.

Nilisimama mbele nikawasomea. Walipochelewa nilirudia. "Miwani ya mguu wa nini?" akauliza mmoja wa nyuma. Nikamjibu, mguu wa uzi. Mwisho wa kipindi kila mwanafunzi wa darasa la kumi na mbili alikuwa na baba yangu ndani ya daftari lake.

Nilikuwa na rafiki mmoja darasani, kijana wa Kilimanjaro, Mkristo wa familia ya kusali sana, ambaye baba yake mdogo alikuwa na duka la jumla la maharage na kahawa pale pale Kariakoo. Naye aliinakili, maana mtihani ni mtihani. Lakini tulipokuwa tunakwenda kula aliniuliza, "Mzee wako anajua?"

Nikamwambia, "Mzee hajui Kiingereza."

Akasema, "Sikukuuliza hilo."

Nilimkasirikia siku mbili nzima.

Wiki chache kabla ya mtihani tuliruhusiwa kwenda makwetu kwa siku tano. Ile karatasi yenye alama nyekundu nilikuwa nayo mkobani. Kwa nini nilikwenda nayo nyumbani, nimejiuliza mara nyingi. Jibu langu la kweli ni kwamba nilitaka mama aione ile kumi na nane. Nilijua hawatasoma zaidi ya hapo. Mama aliiona, akapiga kigelegele kifupi, na baba akaichukua mkononi, akaunusa wino, akaniuliza imesema nini.

"Ni ya mtihani, baba. Inahusu kitabu."

"Basi isomwe."

Nikasema nitamsomea baadaye. Akanitazama kana kwamba sikulelewa kwenye baraza lake. "Barua haisomwi na aliyeiandika," akasema. Hiyo ilikuwa kanuni yake, na ilikuwa kanuni ya mtaa mzima. Mtu akijisomea maneno yake mwenyewe, nani atajua kasoma yapi. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa koti, na asubuhi yake, iliyokuwa Jumamosi, akaniambia nifuatane naye kazini.

Njia nzima kutoka Msimbazi nilikuwa natafuta uongo. Tulipita wauza kuku, tukapita marundo ya nazi, nikamwambia baba karatasi hiyo imejaa makosa. Akasema makosa yasingepewa kumi na nane. Nikamwambia mwenye duka ana kazi nyingi Jumamosi. Akasema yule ni mtu wake wa miaka kumi na mmoja.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusoma gazeti la Kiingereza kila siku mpaka matangazo ya biashara. Tulimkuta akiwasha udi mbele ya picha za dini yake, kwenye rafu iliyo juu ya majora ya kitambaa cha marikani, na baba akangoja mpaka amalize. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Baba akanawa mikono kwenye kopo lake la maji. Akavaa koti. Halafu akatoa karatasi na kuikabidhi kwa mikono miwili.

"Bwana, nisomee alichoandika mwanangu. Kwa Kiswahili."

"Karibu, fundi. Leo mimi ndiyo msomaji?"

"Leo wewe."

Walikuwako wateja wawili wanawake wakisubiri kupimiwa kitambaa, nao wakasogea karibu kusikiliza, kwa sababu Kariakoo karatasi ikisomwa ni ya kila mtu. Mimi nilisimama kwenye nguzo ya baraza. Nilitamani lori lipoteze njia lije lituparamie wote.

Mwenye duka alianza. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha bei na rangi, na insha yangu ilikuwa imejaa maneno makubwa niliyoyaweka kwa maringo, kwa hiyo alikwenda kwa shida. "Katika kijiji hiki... iko mzee... yeye napiga... kengele. Hapana, subiri. Yeye nafikiri... watu wote nalala kama yeye hapana piga." Baba alikuwa ameinamisha kichwa, akitikisa taratibu. Habari za mpiga kengele zilisomwa zote, kukwama kwa kukwama, na wale wanawake wakacheka walipoelewa.

Kisha akageuza ukurasa. Nikamwona macho yake yanatangulia mbele, mistari miwili, mitatu, mitano. Akanyamaza. Akainua uso akanitazama mimi, si kwa hasira. Ningelipenda iwe hasira. Akamwita mtumishi wake aliyekuwa ndani amletee maji, akanywa glasi nzima, akajifuta midomo, akaendelea.

"Na mtaa yetu pia iko mtu moja," akasema. "Watu naleta barua kwake. Yeye navaa koti kwa sababu yeye naheshimu barua ya watu. Nanawa mikono. Siri ya watu nakaa kwake kama dhahabu nakaa kwa sonara. Mtu hii ni baba yangu. Mimi najifunza kusoma kwa yeye."

Hakukwama mahali popote. Wale wanawake wakasema, masikini, mtoto mwenye adabu. Baba akainua kichwa. Alipokea karatasi kwa mikono miwili kama alivyoitoa, akaikunja, akasema, "Ahsante, bwana. Umesoma." Akairudisha mfukoni, akavua koti, akakaa kwenye cherehani yake na kuanza kazi.

Mwenye duka akanishika bega kana kwamba ananionyesha jora fulani, akaniambia kwa Kiingereza, pole pole, kwamba Kiingereza changu ni kizuri sana. Akaongeza, kwa Kiingereza hicho hicho, kwamba mtu mwingine angeweza kuombwa kuisoma karatasi ile, na mtu huyo huenda asiwe na kiu ya maji. Kisha akarudi ndani kupima kitambaa.

Adhuhuri tulirudi nyumbani kula, baba mbele, mimi nyuma kidogo. Nilikuwa nimeanza kupata afueni. Nilijiambia yamekwisha, na hata nilikuwa nimeanza kumdharau yule Mhindu kwa uongo wake, kama nilivyomdharau baba kwa wake. Tulipofika karibu na nyumba baba akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba.

"Bwana yule ni msomaji mzuri," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mwanzo alikuwa anakwama."

Nikapiga kijiwe kwa kiatu.

"Halafu akanywa maji. Baada ya hapo hakukwama." Akatembea hatua chache. "Mtu akisoma kilichoandikwa na mwenzake, lazima akwame. Mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi."

Basi. Hakuniuliza karatasi ilisema nini. Aliingia ndani, akamwambia mama kwamba mtoto ameandika vizuri, akanawa, tukala wali na dagaa kutoka sinia moja. Kila mkono wake ulipofika katikati ya sinia, wangu uliondoka. Mwosha naye huoshwa, wanasema, lakini hawasemi inakuwaje kwa mtoto aliyechota maji.

Siku ile ile nilichana zile kurasa mbili za daftari, ambamo nami nilikuwa nimeinakili insha ile. Ile karatasi yenye wino mwekundu ilibaki kwenye mfuko wa koti la baba na sikuthubutu kuiomba. Sikuiona tena maishani mwangu. Jumatatu yake nikakutana na rafiki yangu wa Kilimanjaro kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, tulikokuwa tunajisomea kwenye majani kwa sababu dukani kwao kulikuwa na kelele za mizani na madebe. Nikamwambia nataka kuandika insha nyingine, ya mtu mwingine. Hakuniuliza kwa nini. Tukamchagua mpishi wa shule yetu, ambaye aliamini kwamba hakuna mwanafunzi anayeweza kufaulu bila uji wake. Nilimwandika, rafiki yangu akanisahihisha, nikamkariri nikitembea kuuzunguka uwanja. Alikuwa mpishi mzuri tu. Niliapa kwa Mungu, nikiwa nimesimama pale jua la saa nne kichwani, kwamba swali likija nitamwandika yeye.

Swali likaja. Mwalimu alisema kweli. Watungaji walimpenda mpiga kengele. Lilikuwa la tatu katika karatasi, na lilitaka vile vile mfano kutoka maisha ya mwandishi mwenyewe. Nilisikia darasa zima likivuta pumzi, kwa sababu kila mmoja alikuwa amebeba insha yangu kichwani. Kalamu zikaanza kwenda.

Nikaanza na mpishi. Niliandika mistari mitatu nikakwama. Uji wake haukuchekesha. Neno la Kiingereza la mwiko wa uji lilinipotea. Nikaandika mstari wa nne, nikaukata, nikautazama ule mkato, nikaitazama saa ya ukutani. Msimamizi alikuwa anapita kati ya madawati na viatu vyake vya raba. Niliwaza kwamba wenzangu wote wakati huu wanamwandika baba yangu, na wanafaulu kwa baba yangu, na mimi mwenyewe mwanawe nitaanguka kwa ajili ya mpishi. Ndivyo nilivyowaza. Nikaiona kama dhuluma niliyofanyiwa mimi.

Nikapiga mstari juu ya mpishi. Nikaandika: katika mtaa wetu yuko mzee anayevaa koti ili kufungua bahasha.

Niliandika kurasa mbili na nusu. Koti, gavana, uzi, karatasi iliyoshikwa juu chini, mama wa vitumbua akiimba. Nilifanya nikijua kwamba baba anajua. Mara ya kwanza ningeweza kusema ni utoto. Mara hii ya pili sina pa kuificha, na ndiyo maana naiandika leo wakati wote waliohusika wamekwisha kufa isipokuwa mimi. Sikukwama hata mara moja.

Matokeo yalitoka miezi kadhaa baadaye. Nilifaulu, na katika fasihi ya Kiingereza nilipata alama ya juu kuliko wote. Rafiki yangu naye alifaulu; baadaye sana aliniambia kwamba yeye siku ile alimwandika baba yake mdogo wa maharage, akapata alama ya kutosha tu. Aliniambia bila kunitazama, nami nikabadilisha mazungumzo.

Mama alipika pilau. Baba alinishonea suruali ya kijivu ya kwendea kuomba kazi, akaikata kwa kitambaa ambacho mwenye duka alikitoa zawadi. Alasiri majirani wakajaa barazani kwetu. Karatasi ya matokeo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilikuwa mapajani mwangu. Baba alikaa ubavuni kwangu, mahali pale pale nilipokuwa nikikaa mimi kushika bahasha. Wakati watu wanaosha mikono kwa ajili ya chakula aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kwenye mtihani, nilikuwamo?"

Nikasema, "Hapana, baba."

Jibu lilinitoka haraka na laini. Alinitazama kidogo, kisha akatazama mbele, wanakopita watu. Nilijua amesikia ninavyosoma.

Hapo yule mama muuza vitumbua, ambaye kufikia wakati ule alikuwa amekwisha kuolewa tena na amenenepa, akasema kwa sauti kutoka kwenye mkeka wa wanawake, "Mzee, na sisi tusomee basi hiyo karatasi ya kijana. Tusile tu bila kujua tunakula nini."

"Ni ya Kiingereza hiyo," akasema mtu mmoja.

"Atusomee hivyo hivyo," akasema yule mama. "Mimi nimezoea usomaji wake."

Watu wakacheka kwa mapenzi. Nilidhani baba atakataa. Alinyanyuka, akanawa mikono, akaleta koti akalivaa. Akanyoosha mikono miwili mbele yangu. Nikaigeuza karatasi kwanza, kichwa chake kikae juu, ndipo nikampa. Aliona kwamba nimeigeuza. Nina hakika aliona.

Akazungusha uzi sikioni, akaiangalia karatasi ya Kiingereza kutoka juu mpaka chini. Kisha akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la kanzu, kioo kimoja, halafu cha pili, halafu kile cha kwanza tena, na baraza lote likangoja. Akaivaa.

"Wanasema huko Uingereza," baba akasoma, "kijana huyu wamempima katika masomo yake yote, wamemwona ana akili. Wanawapongeza wazazi wake, na majirani zake waliomlea. Na wanasema jambo moja wamelipenda zaidi ya elimu yake. Wanasema ni mtoto anayemheshimu baba yake, akiwapo na asipokuwapo."

Hakukwama. Akaikunja karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili, na mama akaleta pilau.